Daraja la kwanza laweza kuokoa shamba la familia

KILA ifikapo mwezi wa Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi za Unguja huingia katika hesabu. Furaha ya kijana kufaulu haimalizi wiki kabla ya swali la fedha kubisha hodi. Ada ya chuo itatoka wapi? Chakula na malazi je? Na kama kuna mdogo wake anayemfuata kidato cha nne, yeye atasomeshwa na nini?

Kwa miaka mingi jibu la wazee limekuwa moja: kuuza. Mwenye ng'ombe hupeleka ng'ombe mnadani. Mwenye mikarafuu hukodisha mavuno yake kabla karafuu hazijakomaa, kwa bei ambayo mkodishaji ndiye anayeipanga. Mwenye kiwanja karibu na pwani, kuanzia Nungwi mpaka Paje na Jambiani, humpata mteja haraka kuliko anavyotegemea. Mtoto husoma, lakini familia hubaki bila kile kilichokuwa kikiilisha.

Lakini ipo njia nyingine ambayo wazazi wengi huijua kwa jina tu, nayo ni ufadhili wa masomo unaotolewa kwa sababu ya ufaulu. Huu si mkopo na wala si sadaka. Ni fedha anazopewa mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa chuo kwa sababu alama zake zimewazidi wenzake, na hatakiwi kuzirudisha. Tatizo ni kwamba familia nyingi huanza kuulizia ufadhili huo baada ya matokeo kutoka, wakati kwa kweli mashindano yake yalikwishamalizika.

Mambo matatu yasiyofanana

Kabla ya kwenda mbali ni vyema kutenganisha mambo matatu ambayo mitaani huchanganywa.

La kwanza ni mkopo wa elimu ya juu. Tanzania ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Zanzibar ina bodi yake, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 2011. Kwa kuwa elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na Baraza la Mitihani ni hivyo hivyo, kijana wa Unguja hufanya mtihani ule ule wa kidato cha sita anaofanya kijana wa Mwanza au Mbeya, na hupangwa naye katika orodha moja ya ufaulu.

La pili ni msaada kwa wasio na uwezo, ambao kipimo chake ni hali ya familia: yatima, mwenye ulemavu, au mtoto wa kaya masikini. Hapa alama zinahitajika ili kuingia chuoni, lakini si zinazoamua nani apewe fedha.

La tatu ndilo linalozungumzwa hapa, ufadhili wa ufaulu. Kipimo chake ni alama kwanza. Mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi wanaweza kuupata wote wawili, na wanaweza kuukosa wote wawili.

Mkubwa unaojulikana zaidi hivi sasa ni ule uliopewa jina la Samia Scholarship, ulioanza katika mwaka wa masomo wa 2022/2023. Serikali ya Muungano ilitenga Sh3 bilioni, na majina ya wanafunzi 640 waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kwenye mtihani wa kidato cha sita wa mwaka 2022 yakatangazwa kuwa wenye sifa ya kuomba. Ufadhili huo ni kwa wanaokwenda kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba katika vyuo vya ndani ya nchi. Unalipia ada pamoja na chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Maombi hupitia HESLB.

Ukizigawa Sh3 bilioni kwa wanafunzi 640 unapata wastani wa Sh4.7 milioni kwa kila mmoja. Kwa mkulima wa mwani wa Jambiani hizo si fedha ndogo.

Hesabu ya deni

Ili kuona thamani ya ufadhili, chukua mfano wa kijana anayesoma shahada ya miaka mitatu kwa mkopo. Ada ya chuo chake, kwa mfano, ni Sh1.3 milioni kwa mwaka. Posho ya chakula na malazi ya HESLB, iliyopandishwa mwaka 2023 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo inafika Sh2.4 milioni. Ongeza Sh200,000 za vitabu. Jumla ni Sh3.9 milioni kwa mwaka, yaani Sh11.7 milioni kwa miaka mitatu.

Kwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Bara kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kijana huyo akiajiriwa kwa mshahara wa Sh800,000 atakatwa Sh120,000 kila mwezi. Deni la Sh11.7 milioni litamchukua miezi 98, yaani zaidi ya miaka minane. Katika miaka hiyo minane ataoa au ataolewa, atajenga, na wazee wake watakuwa wanamtegemea.

Hesabu hiyo ingekuwa nzito zaidi kama si mabadiliko ya mwaka 2021, Serikali ilipoifuta tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa visiwani jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, maana wapo wazazi walioiona tozo hiyo kuwa haina tofauti na riba, na wakawazuia watoto wao wasichukue mkopo kabisa.

Sasa mweke kando yake mwenzake aliyesoma kwa ufadhili wa ufaulu. Wamehitimu siku moja, wameajiriwa ofisi moja kwa mshahara ule ule. Huyu wa pili ana Sh120,000 za ziada kila mwezi tangu siku ya kwanza anapoanza kukatwa mwenzake. Fedha hizo zinatosha kumlipia mdogo wake masomo ya ziada, kununua mche na mbolea, au kuchangia mashine ya boti ya baba. Kwa familia ya shamba hapo ndipo faida kubwa ilipo: kwamba shahada imepatikana bila ng'ombe kuuzwa na bila deni kuingia nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisahau. Mkopo si lazima ukidhi mahitaji yote. Bodi hupima uwezo wa familia na inaweza kutoa sehemu tu. Katika mfano uliotajwa, mwanafunzi akipewa asilimia 60, familia inabaki na Sh1.56 milioni za kutafuta kila mwaka, sawa na Sh130,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kiasi kinachomfanya mama aingie vikundi viwili vya hisa kwa wakati mmoja, na ndicho kinachomfanya baba aanze kuzungumza na madalali wa viwanja.

Kutoka Makerere hadi Bweleo

Fikra ya kumchukua kijana mwenye akili na kumsomesha kwa fedha za umma si ngeni Zanzibar. Enzi za ukoloni, visiwa havikuwa na chuo kikuu, na waliofaulu vizuri zaidi walipelekwa Makerere, Uganda. Mmoja wao alikuwa Aboud Jumbe, aliyesoma huko katika miaka ya 1940, akarudi kufundisha, na baadaye akawa Rais wa pili wa Zanzibar kuanzia 1972 hadi 1984.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ilitangaza elimu bila malipo Septemba 23 mwaka huo huo. Milango ya nje ilifunguka kwa upande mwingine, na vijana wakaanza kwenda kusoma katika nchi za kisoshalisti. Lakini visiwa vilikuwa na upungufu mkubwa wa watumishi baada ya maofisa wa Kiingereza kuondoka, na si kila aliyefaulu aliruhusiwa kuendelea. Maalim Seif Sharif Hamad alimaliza kidato cha sita mwaka 1963 katika skuli ya King George VI, ambayo leo ni Lumumba, lakini alitakiwa kuingia kazini. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972, miaka tisa baadaye, na kuhitimu kwa heshima mwaka 1975. Alama alikuwa nazo tangu awali. Kilichokosekana kilikuwa nafasi.

Zanzibar ilipata vyuo vikuu vyake mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 vilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu na Chuo cha Elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Mwaka 1999 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambacho kilianzia Vuga, ukingoni mwa Mji Mkongwe, kabla ya kujenga kampasi kubwa Tunguu. Kuanzia hapo kijana wa Makunduchi aliweza kusoma shahada na kurudi nyumbani kwa daladala.

Mfano mzuri wa kuleta elimu nyumbani badala ya kupeleka watoto nje ulikuwa wa madaktari. Mwaka 2007 Zanzibar ilishirikiana na Chuo cha Tiba cha Matanzas, Cuba, kuanzisha mafunzo ya udaktari hapa hapa visiwani, na wahitimu wa kwanza walimaliza mwaka 2013. Gharama ya kuwaleta walimu wachache ni ndogo kuliko ya kuwasafirisha wanafunzi wengi.

Hatua iliyofuata ilikuja Novemba 2023, Rais Dk. Hussein Ali Mwinyi alipozindua kampasi ya chuo maarufu cha India, IIT Madras, huko Bweleo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa vyuo vya IIT kufungua kampasi nje ya India. Masomo yaliyoanza ni sayansi ya data na akili mnemba. Ada ya shahada ya kwanza ilipofunguliwa ilikuwa dola 12,000 za Marekani kwa mwaka, yaani dola 48,000 kwa miaka minne. Hakuna mkulima wa mwani wala mvuvi wa Unguja anayeweza kuibeba ada hiyo kwa mfuko wake. Kwa chuo cha namna hiyo, ufadhili ndio mlango wenyewe. Mtoto anayekaa kilomita chache kutoka kwenye geti lake anaweza kuingia tu kama amefaulu vya kutosha na yupo wa kumlipia.

Mtoto wa mjini na mtoto wa shamba

Hapa ndipo penye ugumu. Ufadhili unaotolewa kwa orodha moja ya taifa zima una sura ya haki, kwa sababu kila mtu amefanya mtihani ule ule. Lakini waliofanya mtihani hawakutoka mahali pamoja.

Mtihani wa kidato cha sita wa mwaka 2022 ulisajili watahiniwa zaidi ya 90,000 Tanzania nzima. Waliotangazwa kuwa na sifa ya ufadhili walikuwa 640, ambao hawafiki hata mmoja katika kila watahiniwa mia. Katika kundi dogo kiasi hicho, pengo la alama moja ya Kemia linaweza kumtoa mtu. Na alama moja ya Kemia mara nyingi hutegemea kama skuli ilikuwa na maabara yenye kemikali, kama mwalimu wa somo alikuwepo mwaka mzima, na kama mtoto alikuwa na umeme wa kusomea usiku.

Kwa Unguja tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Mtoto wa Mji Mkongwe au Ng'ambo ana skuli kubwa karibu, ana masomo ya ziada ya jioni mtaa wa pili, na ana kaka au binamu aliyeko chuo wa kumuuliza. Mtoto wa Kizimkazi au Matemwe, akitaka hayo, hupelekwa mjini kukaa kwa jamaa. Huko hupata mwalimu, lakini pia hupata kazi za nyumba ya watu. Wako wanaofaulu hivyo hivyo, na sifa zao ni kubwa, lakini ufaulu wao umegharimu zaidi.

Jirani zetu wamelikuta tatizo hili kabla yetu. Uganda husomesha wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma kwa fedha za Serikali. Zamani wote walichaguliwa kwa alama tu, na kilio kikawa kwamba nafasi zinachukuliwa na waliotoka skuli chache zenye uwezo. Kuanzia mwaka 2005 utaratibu ulibadilishwa. Robo tatu ya nafasi zilibaki kwa ushindani wa taifa, na robo iliyobaki ikagawanywa: nafasi 896 kwa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Maana yake ni kwamba mtoto wa wilaya ya mbali hushindana kwanza na wenzake waliosoma katika mazingira kama yake.

Nchini Kenya, benki ya Equity ilianza mwaka 1998 kuwachukua mvulana na msichana waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa sekondari katika kila wilaya yenye tawi lake, ikawapa kazi ya muda kabla ya chuo ili wajikusanyie fedha za kuanzia masomo. Huko pia alama zilibaki kuwa kipimo, ila zilipimwa wilaya kwa wilaya.

Utaratibu huo haukosi kasoro. Mzazi mjanja anaweza kumhamishia mtoto wilaya yenye ushindani mdogo mwaka mmoja kabla ya mtihani. Aidha, aliyepata alama nyingi mjini anaweza kulalamika kuwa amenyimwa haki yake na mtu mwenye alama chache. Hata hivyo, faida yake ni kwamba kila wilaya huona mtoto wake mmoja akienda chuoni bila deni, na skuli nzima ikaamini kuwa jambo hilo linawezekana. Kwa visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, na wilaya 11 tu, hesabu ya kutenga sehemu ya nafasi kwa kila wilaya si ngumu. Ni jambo ambalo Serikali na wafadhili binafsi, zikiwemo hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini zinazotaka kuonekana zinawajali wanakijiji, wanaweza kulitazama.

Zao la miaka sita

Mkulima wa karafuu anajua kwamba mche anaoupanda leo hautampa chochote mwakani. Mkarafuu huhitaji miaka kama sita hadi minane kabla haujaanza kuzaa, na katika muda huo wote unataka kupaliliwa na kumwagiliwa wakati wa kiangazi. Anayeusahau mche akaja kuuangalia mwaka wa saba hukuta kijiti.

Sekondari nayo ni miaka sita, kidato cha kwanza hadi cha sita. Ufadhili wa ufaulu huchuma matunda ya miaka yote hiyo, ingawa karatasi inayohesabiwa ni ya mwisho. Kwa hiyo mzazi anayeutaka anatakiwa kuyajua machaguo ya njiani.

Chaguo la kwanza huja mapema. Zanzibar ina madarasa ya vipawa maalumu na michepuo, ambayo huchukua watoto waliofanya vizuri katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar. Mtoto anayeingia huko hupata wenzake wanaosukumana naye. Mzazi asichukulie kirahisi mtihani wa msingi na ule wa kidato cha pili kwa kuwa "bado mapema".

Chaguo la pili ni masomo. Fedha nyingi za ufadhili hivi sasa zinafuata sayansi. Mtoto aliyeacha Fizikia na Kemia mwanzoni mwa kidato cha tatu, kwa sababu mwalimu alikuwa hayupo au kwa sababu rafiki zake wameacha, amekwishajifungia milango kadhaa akiwa na miaka kumi na sita bila kujua. Hii haina maana kwamba kila mtoto alazimishwe sayansi. Aliyejaaliwa lugha au biashara atafanya vizuri zaidi huko, na daraja la kwanza la sanaa ni bora kuliko daraja la tatu la sayansi. Lakini uamuzi huo ufanywe kwa kujua gharama yake.

Chaguo la tatu ni matumizi ya fedha kidogo iliyopo. Familia yenye Sh100,000 ya ziada kwa mwezi mara nyingi huiweka kwa ajili ya chuo. Pengine ingeleta faida zaidi kama sehemu yake ingetumika kidato cha tatu na cha nne: taa ya sola kwa nyumba isiyo na umeme, vitabu viwili vya mazoezi, nauli ya kwenda masomo ya ziada, na zaidi ya yote kumpunguzia mtoto kazi ya pwani katika miezi ya mitihani. Kwa wasichana wa vijiji vya mwani jambo hili ni zito. Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kinafanywa zaidi na wanawake, na maji yanapotoka wakati wa bamvua, mama na binti huhitajika shambani wote wawili. Bamvua haingoji ratiba ya mtihani.

Shamba linafaidika vipi

Mkulima anaweza kuuliza yeye ananufaika na nini mtoto wa jirani yake akisomeshwa bure. Jibu liko katika mwani huo huo. Aina ya mwani yenye bei nzuri, inayojulikana kwa wakulima kama kotoni, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya pwani yamezidi joto, na wakulima wengi wakabaki na spinosi yenye bei ndogo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taasisi iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978, ndio waliofanya kazi na kina mama kujaribu kulima katika maji ya kina kirefu zaidi na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine ili thamani ibaki kijijini. Kazi hiyo huhitaji watu waliosoma baiolojia na kemia mpaka mwisho.

Hali ni hiyo hiyo kwa karafuu, ndizi na mpunga. Kizimbani, ambako mafunzo ya kilimo yamefanyika kwa miaka mingi, sasa ni sehemu ya SUZA. Kijana wa Donge au Mkokotoni anayekwenda kusomea kilimo kwa ufadhili, bila deni la miaka minane nyuma yake, ana nafasi ya kurudi kijijini akaanzisha kitalu au kuwa bwana shamba. Mwenye deni hutafuta kwanza mshahara, na mshahara uko mjini au ng'ambo ya bahari.

Makaratasi yasiwe kikwazo

Wapo waliofaulu wakakwama kwa karatasi. Majina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na fomu ya maombi yanatakiwa yafanane. Mtoto aliyeandikishwa skuli kwa jina la babu na cheti cha kuzaliwa kikawa na jina jingine arekebishe tofauti hiyo akiwa kidato cha tano, si wiki ya mwisho ya maombi. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo kwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Barua ya sheha, picha na namba za akaunti ya benki ziwe tayari kabla ya Julai.

Maombi hufanywa kwa mtandao, na dirisha halikai wazi muda mrefu. Katika kipindi hicho ndipo pia maombi ya kujiunga na vyuo yanapofanyika, na chuo kinachochaguliwa kiwe kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Aliye kambini kwa mafunzo ya JKT aache nyaraka zake kwa mtu anayeaminika.

Jambo la mwisho ni kuomba zaidi ya mahali pamoja. Kijana mwenye matumaini ya ufadhili asiache kuomba mkopo. Akipata vyote viwili atachagua kimoja, kwani hairuhusiwi kufadhiliwa mara mbili kwa gharama ile ile. Akikosa ufadhili, mkopo utamfikisha chuoni. Na akipata ufadhili akumbuke kwamba una masharti: ufaulu wake chuoni ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, anaweza kuupoteza katikati ya safari, na hapo ng'ombe aliyesalimika mwaka wa kwanza atauzwa mwaka wa pili.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha kwanza mwaka huu bado ana muda. Anaweza kukaa naye jioni moja, wakaandika ni masomo yapi anayapenda, ni yapi yanamshinda, na nani kijijini anaweza kumsaidia. Karatasi hiyo haina gharama. Mwenye mtoto aliyeko kidato cha sita naye asikate tamaa, ila asikimbilie kwa dalali kabla hajamaliza milango yote miwili ya Bodi. Mche uliochelewa kupandwa huweza kuzaa, lakini shamba likishauzwa halina pa kupandia.